Msiangushe mti kabla ya kujua maji yatapita wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Barua yangu ni ndefu kuliko zile mnazochapisha kwa kawaida. Ukilazimika kuipunguza, ipunguze popote, ila nakusihi usiondoe niliyoandika kuhusu karo la maji machafu na kisima.

Nimesoma mfululizo wenu wa makala za ujenzi wa nyumba kwa mtu wa kipato cha kawaida. Umeandikwa vizuri, na ile sehemu ya kumwagilia zege maji ipate kukomaa nilimsomea mzee wangu, yaani mume wangu, kwa sauti. Kinachonisumbua ni mahali mlipoanzia. Makala ya kwanza inaanza na kamba ya kupimia msingi. Kiwanja tayari ni cheupe, maji yapo, umeme upo. Wengi wetu hatununui kiwanja cha hivyo kwa sababu hatukimudu. Tunanunua pori, na kati ya siku ya kununua pori na siku ya kuvuta kamba ya msingi kuna kazi nzima ambayo haina mtu wa kuieleza. Hapo ndipo sisi tulipoharibikiwa.

Mimi ni muuguzi mstaafu, miaka 31 wodi ya watoto. Mzee wangu alikuwa mwalimu wa hesabu, na hadi leo hatoki nyumbani bila daftari na futi ya kukunja. Tulipata ekari moja na robo yenye miti mikubwa kwa midogo, mteremko mdogo kuelekea kusini, na utulivu ambao sikuwa nimeusikia tangu utotoni. Mkandarasi tuliyempata, ambaye simtaji, alituambia maneno ambayo nadhani wengi wameshaambiwa: "Mama, kwanza tusafishe, mengine tutayaona kiwanja kikiwa wazi." Tuliyaona ni maneno ya busara. Utapangaje kitu usichokiona? Katapila likaja Jumatatu asubuhi, Jumanne jioni likaondoka.

Karibu kila kitu kilichotuumiza kwa miaka 6 iliyofuata kilitendeka katika siku hizo 2.

Nianze na udongo, maana ndio uliotuvunja moyo kwanza. Tulipopeleka maombi ya kibali, afisa afya alikuja kuangalia mahali pa karo. Kijana mpole, kaingia na viatu vya mvua na koleo begani. Akauliza, "Mama, shimo la majaribio mmechimba wapi?" Hatukuwa na shimo. Akauliza tena, "Magari ya mawe na mchanga yalikuwa yanageuzia wapi?" Mzee akamwonyesha: pale pale tulipokuwa tumechora karo na mitaro ya kunyonyea, yaani ile inayopeleka maji ya karo yakanyonywe na udongo, kwa sababu palikuwa tambarare. Yule kijana akachoma koleo ardhini, likagoma. Akasukuma kwa mguu, likaingia kama upana wa kiganja. Kisha akatupeleka nyuma, kwenye kona ambayo katapila halikufika, akachoma tena. Koleo likazama lote.

Akatufundisha kupima, na ninaandika hapa kama alivyotufundisha, maana ni kazi ambayo mtu yeyote mwenye jembe na saa anaweza kuijaribu kabla hajamlipa yeyote. Unachimba shimo la upana wa kama sentimeta 30, kwenda chini hadi kina ambacho bomba la kunyonyea litalala, kwetu sentimeta 75. Kuta za shimo unazikwaruza kwa msumari au ncha ya kisu, kwa sababu koleo huupaka udongo wa mfinyanzi ukalainika kama chungu kabla hakijachomwa, na maji hayapiti hapo. Chini unaweka kokoto kiasi cha vidole 3. Halafu unajaza maji na kuyaacha yalowe, usiku kucha ikiwezekana. Udongo mkavu hudanganya: huyanywa maji ya kwanza kwa pupa, halafu ukishiba unafunga mdomo. Asubuhi unaongeza maji hadi sentimeta 15 juu ya kokoto, unasimamisha kijiti chenye alama, unaanza kuhesabu dakika.

Tulichimba mashimo 4. Saa 12 asubuhi mzee alikuwa amepiga magoti kwenye shimo la kwanza, lile la mahali palipokanyagwa na magari, tochi mkononi na daftari juu ya kokoto. Baada ya nusu saa maji hayakuwa yamesogea hata alama moja. Ilipofika saa 4 yalikuwa yameshuka kwa upana wa kidole kidogo. Katika shimo la kule kwenye miti, maji yalishuka sentimeta 2 na nusu kwa dakika 12. Udongo ni ule ule, tulichota pande zote mbili tukaulinganisha: rangi moja, ukiufinyanga unashikana sawasawa. Tofauti ni kwamba mmoja ulikuwa bado na njia za mizizi na minyoo, na mwingine umeshindiliwa na matairi hadi njia zote zikaziba. Sehemu nyingi maji yakichukua zaidi ya saa nzima kushuka sentimeta 2 na nusu, udongo huo huhesabiwa kuwa haufai kwa mitaro ya kunyonyea. Na yakishuka kwa chini ya dakika moja si jambo la kushangilia pia, kwa kuwa hapo maji machafu yanapita haraka kuliko udongo unavyoweza kuyasafisha.

Ule udongo, mhariri, ndio mtambo wenyewe wa kusafisha. Karo hutenganisha tu. Vizito vinazama, mafuta yanaelea, maji ya katikati yanatoka kupitia bomba lenye umbo la T ili yasibebe lolote kati ya hivyo viwili. Maji hayo yakitoka karo bado yamejaa vijidudu. Vinavyoviua ni udongo wenye hewa, na viumbe wadogo wanaoishi humo. Ukishindilia udongo kwa magari ya mawe umeuua mtambo wako kabla haujaanza kazi, na hakuna fundi atakayeufufua kwa kulima juu juu.

Basi tukahamishia mitaro kwenye ile kona ya nyuma. Hapo ndipo lilipozuka la pili: kona ile iko juu ya mteremko, na kisima tulishachimba. Wachimbaji walikuja na gari lao refu wiki moja baada ya katapila, wakatafuta mahali ambapo mlingoti wa mashine ungesimama bila kugusa matawi, wakachagua chini, karibu na jiko la baadaye. Maji yakapatikana, tukafurahi, tukapiga picha. Mzee alipopima kutoka kisimani hadi mwisho wa mitaro mipya alipata mita 18, na mitaro iko juu, kisima kiko chini.

Kipimo kinachofundishwa mara nyingi ni mita 30, na kisima kiwe upande wa juu. Nilikifahamu kipimo hicho tangu chuoni. Nimeshasimama mbele ya akina mama wengi nikiwaambia, na siku wachimbaji wanakuja nilikuwa nawachemshia chai bila kuuliza wanachimba wapi. Chuoni tulifundishwa habari ya London mwaka 1854, kipindupindu cha mtaa wa Broad Street, na daktari John Snow aliyeonyesha kwamba ugonjwa unafuata pampu moja ya maji. Watu zaidi ya 600 walikufa. Walipokuja kufukua walikuta shimo la maji machafu la nyumba ya jirani limepasuka kuta, na lilikuwa chini ya mita moja kutoka kisimani. Wale watu walikuwa wakiyasifu maji ya kisima kile. Maji machafu hayana lazima ya kunuka wala kubadilika rangi.

Tulichimba kisima kingine. Sitaki kusema zaidi ya hapo kuhusu gharama yake, ila niseme kwamba ili mashine ifike huko juu ilibidi kukata miti 7 ambayo tulikuwa tumekubaliana isiguswe. Kabla ya kuchimba mara ya pili nilifanya nililopaswa kulifanya mara ya kwanza: nilizunguka kwa majirani wote, nikabisha hodi, nikaomba wanionyeshe mashimo yao yalipo, yanayotumika na yaliyofukiwa. Mmoja alinionyesha shimo la zamani la choo ambalo lilikuwa limefunikwa na majani, mita chache tu kutoka mpaka wetu. Bila yeye tungechimba karibu nalo.

Na maji yakipatikana, pimeni maabara. Shirika la Afya Duniani linataka mililita 100 za maji ya kunywa zisionekane na kijidudu cha E. coli hata kimoja. Nitrati zisizidi miligramu 50 kwa lita, floridi isizidi 1.5. Nitrati nazitaja kwa sababu ya watoto wachanga wanaokunywa maziwa ya kuchanganywa na maji. Kwao nitrati nyingi huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, mtoto akaanza kuwa na rangi ya bluu midomoni. Mama akiona maji hayaaminiki huyachemsha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini nitrati haziondoki, tena maji yakipungua kwenye sufuria zinakuwa kali zaidi. Haya hayaonekani kwa macho, ndiyo maana nayasema kwa nguvu.

Sasa mti wetu.

Katikati ya kiwanja kulikuwa na mti ambao ndio uliotufanya tununue. Kivuli chake kilitosha wajukuu wote na viti vyao. Mzee alizungusha kamba kwenye shina: mita 2 na nusu, maana yake kipenyo kama sentimeta 80. Tulimwambia dereva wa katapila, "Huu usiuguse kabisa." Na kwa kweli hakuugusa. Alikwangua udongo pembeni yake, akapita mara nyingi kulia na kushoto, na ule udongo wa juu uliobaki akausukumia chini ya mti, ukalala kama kilima kidogo kuzunguka shina. Pakapendeza hata, pakaonekana kama pamepambwa.

Miti haijashikilia ardhi kwa mzizi mmoja mrefu unaoshuka chini kama wengi tunavyodhani. Mizizi mingi inayolisha mti iko katika sentimeta 60 za juu, na inaenea kwenda nje kupita mwisho wa matawi. Inavuta hewa humo. Ukiikandamiza kwa katapila hewa inakwisha. Ukiizika kwa udongo mwingine juu yake, hewa inakwisha pia. Wataalamu wa miti hutumia kipimo rahisi: chukua kipenyo cha shina, zidisha mara 12, hiyo ndiyo nusu ya upana wa duara ambalo mashine isilikanyage. Kwa mti wetu ni mita 9 na sentimeta 60 kila upande. Mzee alipofanya hesabu hiyo na kuitembea kwa miguu, alisimama mahali ambapo tulikuwa tumeegesha gari la saruji.

Mwaka wa kwanza mti ulitoa majani kama kawaida, na yule mkandarasi akatuambia mnaona. Mwaka wa pili ncha za juu zikawa tupu. Mwaka wa tatu upande mmoja haukuchipua. Mtaalamu wa misitu aliyekuja kuuangalia alipiga magoti, akafukua udongo kwa mikono kwenye shina, akaniita: "Mama, njoo uone hapa." Mti wenye afya, alisema, hupanuka unapoingia ardhini, kama mguu unavyopanuka kwenye kanyagio. Wetu uliingia ardhini umenyooka kama nguzo. Maana yake umezikwa. Alifukua hadi kiwiko kikazama ndipo akafika kwenye upanuzi wenyewe, na gome la hapo lilikuwa jeusi, ukiligusa linabonyea. Mwaka wa tano ulikatwa, kipande kwa kipande, kwa kamba, kwa sababu nyumba ilikuwa tayari imesimama chini yake. Wajukuu walikuwa wanatazama dirishani.

Ungeokolewa na uzio wa miti mikavu na kamba, uliosimamishwa kabla katapila halijashushwa kwenye lori. Ndani ya uzio huo pasiegeshwe gari, pasirundikwe mchanga, pasioshwe vyombo vya saruji, maana maji ya saruji ni makali kwa mizizi. Ni kazi ya asubuhi moja ya watu 2.

Kuna jambo lingine la miti ambalo sikulijua. Mti uliokulia katikati ya wenzake umezoea kukingwa upepo. Ukiwaondoa wenzake wote ukauacha peke yake, upepo wa kwanza mkubwa unaupata haujajiandaa. Ni afadhali kuacha kundi la miti kuliko mti mmoja mmoja uliotawanyika. Sisi tuliacha miti 3 mirefu peke yake upande wa nyuma kwa sababu ilipendeza. 2 iliangukia uani msimu wa mvua, mchana, tukiwa kazini, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Visiki nitavisema kwa kifupi. Kama kisiki kitang'olewa na kijiko, ile mashine ya kuchimbia, mwambie mkataji aache shina la mita moja au zaidi. Kijiko kinalisukuma kama wenzo na mizizi inatoka nalo. Wetu alikata usawa wa ardhi ili paonekane pasafi. Kijiko kikahangaika siku nzima, kikang'oa visiki 4, viwili vikafukiwa. Juu yake ikaja baraza. Kisiki kinaoza polepole, mchwa wanakuja, chini panabaki uwazi. Leo sakafu ya baraza yetu imezama upande mmoja kiasi kwamba mpira wa mtoto unajiviringisha wenyewe hadi ukutani. Na pale ambapo udongo ni mfinyanzi, miti mikubwa ikishaondolewa, ardhi iliyokuwa ikinyonywa maji kila siku huanza kujaa na kuvimba, na inaweza kuendelea hivyo kwa muda mrefu. Mhandisi aambiwe miti mikubwa ilisimama wapi, kabla hajachora msingi. Wapo wanaong'oa kila kitu halafu wanamwita mhandisi, naye anaona udongo mtupu tu.

Umeme tuliukumbuka nyumba ikiwa imeezekwa. Fundi wa kampuni ya umeme alipokuja kupima alisimama barabarani, akaangalia transfoma ya karibu, akanyoosha mkono kuelekea nyumbani, na mkono wake ukapita juu ya miti 11 tuliyokuwa tumeihurumia upande wa mashariki. Laini ya nguzo inataka ukanda ulio wazi chini yake na pembeni. Tisa ikakatwa. Aliniuliza kwa upole, na hakuwa na nia ya kunilaumu, kwa nini hatukuja mapema, kwa sababu njia yetu ya gari ilikuwa tayari imekatwa kutoka barabara ile ile, na nguzo zingeweza kufuata njia hiyo bila kugusa hata kichaka. Ukanda mmoja ungebeba gari, nguzo na bomba. Sisi tulikata kanda 2.

Na umbali una bei yake kwa namna nyingine. Waya ukiwa mrefu na mwembamba, nguvu ya umeme inapungua njiani. Mota ya pampu ya kisima inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishakolea. Kwetu kila pampu inapowaka, taa za sebuleni zinafifia kama jicho linalosinzia, kisha zinarudi. Fundi angeambiwa tangu mwanzo kwamba kuna pampu, na iko umbali gani, angechagua waya mnene zaidi.

Mitaro nayo tulichimba mara 3. Mara ya kwanza bomba la maji, mara ya pili waya wa umeme wa kwenda pampuni, mara ya tatu waya wa intaneti, na kila mara mizizi ya mti fulani ilikatwa. Ingetosha kupanga safari moja. Waya wa umeme ulalie kwenye mchanga, kina cha kama sentimeta 60, utepe wa onyo wa plastiki ukiwa juu yake ili mchimbaji wa baadaye aukute kabla ya waya. Bomba la maji liachane nao. Na humo humo lazwe bomba tupu moja, lenye kamba imepita ndani mwanzo hadi mwisho, ncha zote mbili zimezibwa. Siku ukitaka kupitisha kitu kipya unakifunga kwenye kamba na kuvuta. Baada ya kufukia, mzee alichora mitaro yote kwenye karatasi akipima kutoka kona za nyumba, akaibandika ndani ya mlango wa stoo. Hiyo karatasi imeshatusaidia mara 2.

Njia ya gari itengenezwe kwanza na itengenezwe imara, upana wa mita 4 hivi, mawe makubwa chini na madogo juu, na kalavati pale inapokatiza mkondo wa maji. Gari la zege lililojaa linakaribia tani 30. Likipita hapo bila kuzama, hata gari la zimamoto litapita. Na magari yote yabaki kwenye njia hiyo hiyo, yasitangetange kiwanjani.

Nimeandika mengi ya kuharibika, na sipendi msomaji aogope pori. Ndiyo maana nataka nieleze la mwezi uliopita.

Binti wa marehemu dada yangu, pamoja na mume wake huyo binti, wamepata kiwanja cha miti. Alinipigia simu akiwa na furaha: "Mama mdogo, tumepata mtu wa katapila, anakuja Alhamisi!" Nilimwambia, "Mwanangu, mpigie umwambie asije." Alikaa kimya kidogo. Nikamwambia nakuja na baba yako mdogo, tunakuja na daftari.

Tulikaa nao siku 3. Siku ya kwanza tulimfuata mpima ardhi akafukua alama za mipaka, moja ilikuwa imezama chini ya mzizi. Mume wake akasoma hati yote, akakuta mstari unaosema jirani wa nyuma ana haki ya kupita upande wa magharibi. Hapo ndipo walipokuwa wanataka kuweka kisima. Mvua ilinyesha mchana, na mzee akatukataza kujificha. Tulitembea na miavuli tukiangalia maji yanakopita yenyewe, na bondeni tulikuta yanatuama mahali ambapo kijana alikuwa amechagua kwa nyumba kwa sababu palikuwa wazi bila miti. Palikuwa wazi kwa sababu maji hayaruhusu miti kukua pale. Tulichimba kidogo tukaona udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu. Afisa afya wetu aliwahi kunieleza: madoa hayo ni alama kwamba maji ya ardhini hupanda hadi hapo msimu wa mvua.

Tukafunga vitambaa. Nyekundu kwa mti wa kukatwa, nyeupe kwa mti wa kubaki, buluu kwa njia ya maji, njano kwa umeme. Vitambaa ni shuka la zamani lililochanwa na kutiwa rangi. Mzee alichora ramani kwa penseli, akafuta, akachora tena. Nyumba ilihama mara 2 kwenye karatasi, na karatasi haikulia. Kisima kikakaa juu kaskazini, mitaro ya karo chini kusini, kati yao mita 46. Mashine ya kuchimbia kisima itaingilia njia ile ile ya gari. Nguzo 3 zitafuata njia hiyo. Fundi wa umeme amekuja akaitembea, akasogeza moja tu. Vitambaa vyekundu vilikuwa 40 na kitu tulipoanza. Tulipomaliza vilibaki 17. Kikundi cha miti 6 upande wa magharibi, ambako jua la jioni lingepiga madirisha, kina vitambaa vyeupe na uzio umeshasimama.

Ombi langu kwako, mhariri, ni kwamba mfululizo wenu urudi nyuma hatua moja. Mwandishi wenu aende kwa mpima ardhi, kwa afisa afya, kwa mtu wa misitu na kwa fundi wa umeme, kila mmoja ofisini kwake, awaulize: mtu akija kwako na pori ambalo halijaguswa, ungetaka akuulize nini kabla hajakata mti wa kwanza? Wanayo majibu. Wale waliokuja kwetu walitueleza kwa moyo wote, ila walikuja tukiwa tumeshachelewa, na sehemu kubwa ya kazi yao ikawa kutuonyesha tulipokosea. Aulize pia kuhusu vibali vya kukata miti na miti inayolindwa, na aulize mkataji wa miti kuhusu usalama, kwa maana nimeshapokea hospitalini mtoto aliyesimama karibu kumtazama baba yake akikata. Umbali wa kusimama ni angalau mara 2 ya urefu wa mti wenyewe. Hilo peke yake linastahili kuchapishwa kwa herufi kubwa.

Ninaandika haya nikiwa kwa hawa vijana. Mashimo 4 ya kupimia tumeyachimba leo, upande wa kusini, kuta zimekwaruzwa, kokoto zimewekwa. Jioni tumeyajaza maji na kuyafunika kwa matawi kwa ajili ya watoto wa jirani. Mzee ameweka saa iite saa 11 na nusu alfajiri.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Muuguzi mstaafu